Kaimu

Katika picha ya timu, mimi ndiye wa mwisho kulia;
bega langu moja limeliwa na fremu.
Nimekumbatia mfuko wa mipira
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani
na jirani harudi.

Miaka kumi na tisa, chuo cha ualimu, Chake Chake.
Makocha wakuu sita nimewapokea, nimewasindikiza.
Mmoja alipata kazi Maskati, akaniachia raba zisizonienea.
Mmoja akiniita "kijana", nami nimemzidi miaka minane.
Kila ajaye, salamu haijesha, huuliza:
"Ufunguo wa stoo uko wapi?"
Uko shingoni mwangu, bwana. Umeshaniachia alama.

Kazi yangu ni kujua.
Pampu inavujia wapi, na inazibwa kwa mpira gani wa baiskeli.
Kwamba Faki siku ya mechi hali, husema amefunga sunna,
kumbe ni tumbo la hofu.
Kwamba goti la Shehe halikuumia uwanjani:
aliporomoka mkarafuuni, shamba la watu,
na babake asijue mpaka Kiyama.

Msimu ukiwa mwema, uwanja hauwi wetu.
Majirani hutandaza majamvi kutoka mstari wa kati
hadi chini ya ringi, karafuu zikaanikwa,
nasi tunakaa ukutani tukilisubiri jua lichoke.
Halafu nafagia. Mimi, si wachezaji; wao wapashe misuli.
Timu za Unguja zikija, pasi ya kwanza tu
hunusa viganja vyao, wakatazamana.

Mama, Mungu amrehemu, hakulipenda daftari langu la faulo.
"Mtumai cha nduguye hufa maskini," akisema,
"na wewe watumai kiti cha mwenzio."
Nikamjibu: mafiga ni matatu, mama;
la tatu halina sifa, ila litoe uone chungu.
Akachochea moto, hakunitazama.
"Figa nalo huungua, mwanangu."

Kisha ile barua. Muhuri, saini,
jina langu limekosewa herufi mbili:
Kaimu Kocha Mkuu, hadi hapo atakapopatikana mwingine.
Siku kumi na moja. Mechi moja, Gombani.
Sekunde tisa zimebaki, tuko nyuma kwa pointi moja,
nikaomba mapumziko.
Nikachora: duara, msalaba, mshale.
Nikaunyoosha ubao kushoto, kama desturi,
kumpa mwenye kusema.

Kiti kitupu.
Chupa ya maji juu yake, na taulo.

Vijana wote wakautazama mkono wangu ulivyoning'inia.
Sikumbuki nilisema nini. Faki anadai
nilipiga bismillahi mara tatu, basi.
Mshale ulikuwa wa Shehe, na goti lake.
Akaruka. Mpira ukaizunguka ringi, ukakaa kidogo ukingoni
kama mgeni asiyejua avue viatu au asivue,
ukaangukia nje.

Mitaani hadi leo wanabisha kuwa ringi ilikuwa imelegea.
Wanataka kunisitiri. Nati zake
nilizikaza mwenyewe asubuhi ile, kwa spana yangu.

Siku ya kumi na mbili akateremka mtu uwanja wa ndege,
na begi jipya, na swali lilelile.
Nikaivua kamba shingoni.
Usiku huo nililala kama mtoto.
Hilo ndilo ninaloonea haya, si mechi.

Shehe sasa anafundisha Konde, skuli ya msingi.
Jana kapiga simu. "Kocha," kasema,
bila msaidizi, bila kaimu,
"mpira ninao, sindano ya pampu sina."
Nimezifunga mbili ndani ya karatasi ya faulo,
nimempa dereva wa gari la Konde.
Moja imebaki. Imepinda kidogo,
lakini pumzi inapita.